Muhali wa Bi Zuhura

Wenzangu mliostaafu, leo nimeaibika, tena kwa neno ambalo nimelitumia ofisini maisha yangu yote.

Neno lenyewe ni muhali. Mnakumbuka nilivyokuwa nikiwajibu waombaji wa viwanja hapa Voi: "Ombi lako ni muhali kukubalika." Maana yake, usitarajie. Ndivyo nilivyofundishwa shuleni Bura, na hakuna mwombaji aliyewahi kurudi kuuliza maana. (Walirudi kulia tu.)

Asubuhi, baada ya ibada, nilimwita jirani yangu Bi Zuhura, mjane aliyehamia hapa kutoka Mombasa, nikamwalika chakula cha mchana. Tangu mke wangu afariki, mezani pangu hajaketi mtu mwingine. Kuku nilikuwa nimekwisha kumchinjisha kwa Mwislamu wa buchani, ili mgeni asipate kisingizio.

Akatazama chini. "Bwana Mwakio, wallahi nakuonea muhali."

"Nimekuelewa, Bi Zuhura," nikasema, nikaingia ndani kwa heshima zote.

Kuku hakuweza kufufuliwa, ilibidi apikwe. Nikavua suruali ya kanisani, nikajifunga taulo, nikaandaa sahani mbili. (Ya pili ni mazoea. Msiniulize.) Nilipoketi, kimya kilinizidi. Nikaona si vibaya kuzungumza kidogo na kile kiti kitupu.

"Ongeza mchuzi, Bi Zuhura. Kimanga hiki cha muhogo na maharagwe ndicho chakula chetu kule Mwanda. Unasema ni kitamu? Unanipendelea tu."

Nikacheka hata mzaha wake, ambao nilikuwa nimeutunga mwenyewe.

Mtu akakohoa. Bi Zuhura alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la kachumbari, kaka yake nyuma yake.

"Endelea, Bwana Mwakio," akasema. "Nataka nisikie nitajibu nini."

Nikasimama kwa adabu. Taulo halikusimama.

"Lakini ulisema muhali," nikalalamika kutoka nyuma ya kiti.

"Nilisema *nakuonea* muhali. Yaani nakustahi, nashindwa kukukatalia. Ofisini mlikuwa mkisema Kiswahili gani?"

"Na huyu ndiye aliyeninyima kiwanja," kaka yake akanong'ona, akavuta sahani ya pili.

Walikula, wakashiba, wakaaga. Mlangoni nikamuuliza Bi Zuhura kama atakuja tena Jumapili ijayo.

Akajiziba mdomo kwa mtandio. "Muhali, Bwana Mwakio."

Sikuthubutu kuuliza ni upi. Kuku nimekwisha kumwagiza, na suruali sitaivua.