Barafu Yenye Tundu

Jumatatu, 4 Machi

Mashine ya barafu ndani ya friji imegoma. Tangu jana haijadondosha hata kipande. Mke wangu anataka tumwite kaka yake, fundi friji. Shemeji! Yule aliyeniita Bwana Msumari mbele ya wakwe zangu, kisa pasi niliyoitengeneza kwa msumari ikaunguza suruali ya baba mkwe. Sikubali! Nimetangaza mezani kwamba hii naimaliza mwenyewe. Nikishindwa, heshima yangu ndani ya nyumba hii kwisha.

Jumanne, 5 Machi

Nimevuta friji. Ushindi! Mpira wa maji kule nyuma ulikuwa umejikunja. Nani kaubana? (Mimi, nilipofagia wiki iliyopita. Haihusu.) Nimeunyoosha. Nikanywa chai, nikachungulia. Chombo cha barafu kitupu. Na mke yuko njiani! Mbio dukani, mfuko wa barafu, nikamwaga chomboni. Alipofungua, kanikumbatia. Kaniita fundi! Sijawahi kuitwa hivyo bila kuchekwa. Raha jamani.

Jumatano, 6 Machi

Mashine bado kimya. Nimejaza tena kabla mke hajaamka. Muuza duka kauliza kama nimeanza kuuza samaki. Nikamwambia apime barafu, asipime maisha yangu.

Alhamisi, 7 Machi

Balaa! Mke kamwita kaka yake aje ajionee. Nikajaza chombo pomoni. Shemeji akachukua kipande, akanichungulia kupitia tundu la katikati, lile la barafu ya kiwandani. Akauliza kwa upole friji hii imeanza lini kutoa barafu ya dukani. Mke akanitazama. Aibu niliyoipata siiandiki.

Shemeji alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akanionyesha kijiwaya: chombo kikijaa, barafu hukiinua kijiwaya hicho, na mashine hupumzika. Kumbe barafu yangu ndiyo iliyokuwa ikiizuia! Akamwaga yote kwenye sinki, akasema mashine huhitaji saa nyingi kugandisha, tusubiri kesho.

Ijumaa, 8 Machi

Kishindo ndani ya friji! Barafu imeshuka, na haina tundu! Kwa hiyo niliitengeneza tangu Jumanne. Shemeji mwenyewe kakiri kwenye simu kwamba mpira niliunyoosha vizuri. Mke kasema fundi ni fundi, ila nisimdanganye tena. Nimeapa.

Sifa zimemfikia jirani. (Nilimpelekea mwenyewe.) Mashine yake ya kufulia haizunguki. Nimemwambia ailete pamoja na nguo zake, kesho jioni atazikuta safi. Ikinisumbua, nyuma ya soko kuna dobi mmoja, ana mkono mwepesi na haulizi maswali.