Fundi Miwani na Joka la Folda ya Chanjo

Jongeeni, enyi wenye masikio, na Mola ahifadhiye hata unywele uliodondoka ainyooshe simulizi hii, mpate kusikia jinsi Fundi Miwani, simba wa kibodi, alivyopigana na joka katika chumba cha kumbukumbu cha zahanati, baina ya kabati bovu na feni isiyozunguka.

Adhuhuri hiyo seva kongwe ya Linux ilikuwa ing'olewe ikatupwe. Tumboni mwake zilikuwamo rekodi za chanjo za watoto wote wa mtaa, na kazi ya kuzibana ziwe nakala ya akiba ilikuwa imekwama kila asubuhi, juma zima. Ikikwama tena, rekodi zimepotea. Na mlangoni, mikono kiunoni, alisimama Muuguzi Mkuu, mama mkwe wa Fundi.

"Mkwe, bado inakugomea?"

"Inadai diski imejaa, mama."

"Si uliifagia jana?"

"Naam! Nilizifyeka picha za sherehe, nikaziteketeza nyimbo za mlinzi, lakini adui karudi na jeshi kubwa zaidi!"

"Adui gani? Ongea kama mtu, nina wagonjwa."

Fundi akainamisha kichwa, akaomba kimya kimya, kisha akaandika amri ya kupima folda moja moja. Lo! Folda ya chanjo ilikuwa imevimba, na ndani yake limejilaza joka lenyewe: nakala ya jana iliyokatika, imeimeza ya juzi, nayo ya juzi imemeza ya kabla yake.

"Nani kaliweka humo?"

Shujaa akajielekezea kidole. "Mimi, mama. Niliagiza nakala zikae ndani ya folda ileile inayobanwa."

"Yaani unafunga gunia huku umekaa ndani!"

Akazifuta zile nakala, akaielekeza mpya kwenye diski ya nje, akasema "Bismillahi" na kubonyeza. Papo hapo wachukuzi wa kuing'oa seva wakafika na toroli. Mama mkwe akaujaza mlango, kama ngome isiyobomoka.

"Hapiti mtu!"

Mstari wa mwisho ukaandikwa: imekamilika. Fundi akaifungua nakala, akatafuta jina moja tu, la mwanawe. Surua: amechanjwa.

Mama mkwe akainama, akamsoma mjukuu wake kwenye kioo cha kompyuta, akawapisha wachukuzi.

"Haya. Leo nimeona binti yangu hakukosea."

Kwa miaka sita ya ndoa maneno hayo yalikuwa hayajapata kutamkwa. Yahifadhiwe, tafadhali, nje ya folda.