Filamu Thelathini na Moja za Tu Kuei-shan, kwa Mpangilio Wangu

Jumatatu, 2 Novemba 2009

Mvua. Siku ya kumi na moja mfululizo. Keelung ni Keelung, bandari ya mvua.

Habari kubwa! Maktaba ya mtaa itaonyesha filamu moja ya Tu Kuei-shan, kumuenzi angali hai. Miaka themanini na minne! Mtu aliyekataa kuvua mabuti yake ya mpira hata alipoigiza mfalme. Mtu aliyegoma kufa kwenye filamu: akipigwa risasi, tazama vizuri nyuma ya wenzake, utamwona ameshaketi, anatafuna karanga. Bi. Fang wa maktaba anasema filamu itachaguliwa na wanachama wa Chama cha Wapenzi wa Tu. Kila mwanachama barua moja, kura moja.

Tatizo. Chama kilikuwa na watu ishirini na sita. Wengine wamekufa, wengine wamehamia Taipei kwa watoto wao, ambako ni karibu na kufa. Tumebaki wawili. Mimi, na Bibi Chiang Yueh-o, aliyekuwa akikata tiketi kwenye sinema ya zamani kabla haijageuzwa duka la magodoro. Hatuelewani. Kwake filamu ya kwanza kwa ubora ni Harusi Bila Suruali. Harusi! Bila! Suruali! Kwenye orodha yangu ya filamu zote thelathini na moja za Tu, niliyoihangaikia miaka minne, hiyo ni ya tisa, na hapo nimeihurumia.

Ya kwanza ni Mlinzi wa Mnara wa Saa. Sababu ni za kisanii tu. Marehemu mke wangu Shu-hua alikuwa akisinzia kwenye filamu zote za Tu, lakini kwenye hii aliamka dakika ya hamsini na mbili, akacheka mpaka akanikamata mkono. Hilo halihusiani.

Kura moja dhidi ya moja ni sare. Sare siiwezi. Nimeamua kuongeza wanachama.

Mpaka jioni nimepata wanane. Barua mbili kwa mkono wa kulia, sita kwa wa kushoto. Kila mmoja nimempa kazi na maradhi yake. Ninayempenda zaidi ni Bwana Yeh, mpishi wa meli mstaafu. Nimemwandikia kurasa tatu, hata kupwa kwa maji bandarini nimekuweka kwa sentimita. Anasema alipikia watu arobaini kila siku, na sasa yuko nchi kavu anapika kikombe kimoja cha mchele, na nusu kinabaki. Sijui maneno hayo yametoka wapi. Mtu mzuri, Yeh. Tungepatana.

Jumatano, 4 Novemba

Nimepeleka barua. Bi. Fang amefurahi. Ameniuliza kama ni kweli wanachama wengi wanaandika kwa mkono wa kushoto. Nimemjibu kwamba ni alama ya watu wenye vipaji.

Kisha akanionyesha fungu lingine. Barua tisa, zote za Harusi Bila Suruali! Moja imetoka kwa “nahodha”, moja kwa “mtawa”, na moja kwa “pacha wa mtawa”. Zote zimeandikwa kwa wino wa zambarau, na kila tarakimu ya saba ina kistari katikati, kama ilivyokuwa kwenye tiketi za sinema miaka thelathini.

Nimeduwaa. Mwanamke wa umri ule kubuni watu! Ulimwengu umekwisha. Nimerudi nyumbani nikaandika kumi na mbili zaidi.

Ijumaa, 6 Novemba

Mkono wa kushoto umevimba.

Bi. Fang amezibandika barua zote kwenye ubao wa matangazo watu wazisome. Nimemkuta Bibi Chiang amesimama mbele ya ubao, mwavuli unamwagia maji kwenye viatu vyake wala hana habari. Nilitaka kupita. Akaniita.

“Bwana Lien, unamfahamu huyu Yeh?”

Nikasema kidogo.

“Mpishi wa meli.” Akaweka kidole kwenye karatasi. “Huyu mtu anajua anachosema. Hapa kwenye mchele nimerudia kusoma mara tatu. Anakaa wapi?”

Nikamwambia mbali sana. Akauliza kama ana mke. Nikasema hana, ila ana hasira mbaya na meno yote ni ya bandia. Akasema hata yake ni ya bandia, na angependa siku moja anywe naye chai. Nikamwambia Yeh amerudi baharini.

“Si amestaafu?”

“Wamemwomba.”

Akaguna. Akaniuliza kama mimi nimekula. Nikasema nimekula, ingawa sikuwa nimekula, maana adui hapewi habari za tumbo lako.

Njiani nilikuwa nimekasirika, na nikajiuliza kwa nini. Yeh ni nani? Kurasa tatu tu! Mimi huyu naishi barabara mbili kutoka kwake, mzima, nina meno kumi na tisa ya kwangu, na hajawahi kusoma sentensi yangu mara tatu.

Jumanne, 10 Novemba

Ushindi! Mnara wa Saa kura ishirini na tatu, Harusi ishirini na mbili. Nimeshinda kwa kura moja!

Nimeipitia hesabu mwenyewe. Mimi na watu wangu tulikuwa ishirini na mmoja. Kura mbili za ziada ni za nani? Nimezitafuta ubaoni. Moja ni ya Bi. Fang, ambaye alijiunga na chama juzi kwa adabu. Nyingine ina wino wa zambarau na saba yenye kistari. Imesainiwa Chiang Yueh-o, jina lake halisi, na ameandika mstari mmoja tu: anaipigia kura filamu ya Bwana Yeh.

Amechanganyikiwa. Uzee. Nimefurahi sana.

Nimefurahi kama dakika sita. Bi. Fang akaja anakimbia, mashavu mekundu. Akasema, “Mjomba, sikujua chama kina watu wengi hivi! Nimeomba ukumbi mkubwa. Viti sitini! Na nimemwandikia Mzee Tu mwenyewe kwamba wapenzi wake arobaini na watano wanamsubiri. Atakuja, mjomba! Alikataa mialiko yote kwa miaka kumi, ila hii amekubali!”

Nikakaa kwenye ngazi za maktaba. Akaniletea maji ya moto.

Alhamisi, 12 Novemba

Onyesho ni Jumamosi, na natafuta binadamu arobaini na wawili.

Muuza mipira ya samaki wa kusaga anasema Jumamosi ndiyo siku yake ya soko. Binti yangu yuko Kaohsiung, nimempigia, akasema, “Baba, hiyo si ndiyo ile filamu ya saa?” Nikasema ndiyo. Akalitaja jina la filamu polepole, kisha akasema ana kikao, lakini nile vizuri. Simu ilichukua dakika mbili na nusu. Kawaida ni mbili.

Wazee wa chesi wa pale hekaluni ndio waliokubali. Kumi na wanane! Mkubwa wao akaweka masharti: maandazi ya nyama, mawili kwa kila mtu, na viti viwe na pa kuegemea. Nimeagiza. Nimewafundisha majina yao mapya. Mmoja amekataa kuwa mshona nguo, anataka kuwa daktari. Nimempa udaktari. Wa nafasi ya Yeh sikumpata. Kila niliyemtazama hakufaa.

Jumamosi, 14 Novemba

Nimeandika haya saa kumi na moja jioni, koti halijakauka.

Ukumbi. Viti sitini. Maandazi thelathini na sita yanatoa mvuke. Saa nane kamili: mimi. Saa nane na dakika tano: Bibi Chiang, amevaa sweta la kijani lenye vifungo vya dhahabu, amekaa mwisho kabisa wa safu ya kwanza. Mimi mwisho wa upande wa pili. Viti kumi na viwili kati yetu.

Wazee wa chesi walifika! Niliwasikia kwenye ngazi. Lakini chumba cha jirani kulikuwa na mafunzo ya kutunza magoti, na kila anayehudhuria anapewa taulo. Waliingia huko wote kumi na wanane, daktari akiwa mbele.

Saa nane na robo mlango ukafunguka. Mabuti ya mpira. Yale yale! Mzee Tu ni mfupi kuliko nilivyodhani, na anatembea kama anayekagua sakafu. Akatazama viti. Akavitazama vyote, safu kwa safu. Bi. Fang akabadilika rangi. Akaniuliza kwa sauti ndogo wanachama wako wapi.

Nikasimama. Nikaanza kusema kwamba njia ya reli imeharibika, kwamba wengi wao wana maradhi ya mkono wa kushoto. Bibi Chiang akanikata.

“Mzee Tu, tusamehe. Chama kizima ndicho hiki. Yeye na mimi. Wengine tumewatunga.”

Nilitamani sakafu inimeze. Mwaka mzima sijawahi kuona ukimya kama ule, na mimi naishi peke yangu.

Mzee Tu akafikiri. Akauliza, “Kila mmoja ametunga wangapi?”

“Mimi ishirini na wawili,” akasema Bibi Chiang.

“Mimi ishirini,” nikasema.

“Kumbe huyu mama amekushinda.” Akaja akakaa katikati, kiti cha sita kutoka kwangu, akaomba andazi. “Haya, washa. Watu wawili waliolowa wanatosha. Kuna filamu yangu ilitazamwa na mbwa.”

Taa zikazimwa. Dakika ya hamsini na mbili nilifumba macho. Sikusikia kicheko cha mtu yeyote. Nilipofumbua, Mzee Tu alikuwa amelala, andazi mkononi.

Baadaye nikampa orodha yangu, kurasa themanini, jalada la bluu. Akaipitia kwa miwani ya Bi. Fang. Akaomba kalamu.

“Hii namba kumi na saba si mimi.”

“Mzee?”

“Ni binamu yangu. Nilikuwa naumwa jino, nikamwazima mabuti.” Akaikata. “Na hii uliyoiweka mwisho ndiyo bora kuliko zote. Tulilishwa kaa kila mchana.”

Akatuinamia wote wawili, akaondoka na maandazi sita.

Tulibaki tukipanga viti. Bibi Chiang akauliza bila kunitazama, “Kwa hiyo Yeh hayupo.”

Nikasema hayupo.

“Nilihisi. Mpishi gani anaandika kwenye barua maji yamepwa sentimita ngapi? Wewe ndiye uliyekuwa unapima maji bandarini.” Akakunja mwavuli, akaukunjua tena. “Mchele nao?”

Nikasema mchele ni fasihi.

“Kesho saa tisa nitapika supu ya magimbi,” akasema. “Njoo tuitazame Harusi. Nikiwa peke yangu siimalizi.”

Nikamwambia nitatazama ratiba yangu.

Jumapili, 15 Novemba

Mvua nyepesi. Ratiba ni tupu.

Nimeufikiria mwaliko usiku kucha na nimeuelewa. Anataka kunilainisha! Supu kwanza, kisha filamu, kisha atasema polepole kwamba ya tisa ni chini mno, na mimi, tumbo likiwa na magimbi, nitakubali. Ni mwerevu. Lakini si mimi.

Hata hivyo, vitani hupelekwa mpelelezi. Saa tisa kasoro dakika kumi nimevaa koti zuri, nikaenda hadi barabara yake, nikasimama upande wa pili chini ya kibaraza cha fundi saa. Dirisha lake liko wazi. Nimeona meza. Bakuli mbili. Vijiko viwili. Kiti cha pili kimevutwa nje kidogo, kimewekwa mto. Mtego umewekwa wazi, hata aibu hana!

Akaja dirishani, akatazama barabara. Upande huu, upande ule. Nikajibana ukutani. Akatazama tena. Saa tisa na nusu akafunga dirisha.

Nimenunua andazi moja nikarudi nyumbani. Simu imelia mara tatu tangu nifike, na mara ya mwisho imelia kwa muda mrefu. Sijapokea. Anayeshindwa ndiye anayepiga simu.

Sasa zimebaki filamu thelathini, na orodha nzima lazima ipangwe upya. Harusi Bila Suruali nimeishusha hadi ya kumi na nne. Nimeshinda!