Kila Mtu na Alichosomea

Getruda, jirani yake Apolinaria pale Ng'ambo, Tabora, anadai kwamba siku tangazo lilipobandikwa hata mbuzi walisimama kulisoma. Getruda hutia chumvi, lakini tangazo lenyewe halikuhitaji chumvi. Lilisema hivi: "Idara ya Ulinganifu wa Elimu na Kazi inaamuru kwamba, kuanzia leo, kila aliyesomeshwa kwa fedha ya serikali afanye kazi aliyoisomea, wala asifanye nyingine yoyote. Kanuni ya Kwanza: Hakuna elimu isiyo na kazi yake."

Ilikuwa kanuni nzuri sana, na Idara ilianza kwa kasi. Yoramu, aliyesomea useremala, alikuwa amefunga watu vidonda zahanati kwa miaka mingi na watu wakipona kinyume cha utaratibu. Aliondolewa bendeji ikiwa nusu, na mgonjwa akaagizwa aishikilie ncha mwenyewe mpaka apatikane mwenye fani. Twalibu, aliyesomea ufugaji wa nyuki, alitolewa kwenye taa za reli akapelekwa porini. Treni ya Mwanza ikalala Bukene, abiria wakapata nafasi ya kuifahamu Bukene vizuri, na Idara ikaiita hiyo faida ya ziada.

Apolinaria aliyasikia yote akikanda unga. Alikuwa mtu wa kutazama kwanza. Hofu ilimwingia siku Abbasi, karani wa Idara, alipopiga hodi uani kwake.

Mumewe, Lugembe, alikuwa mwoka mikate. Abiria wa stesheni walizigombea bofulo zake zikiwa bado zinaunguza vidole. Kwa bahati mbaya, shuleni alisomea uashi. Alimjengea tanuri Mgoa mmoja, Mgoa akahamia Dodoma, akamwachia kabla ya kuliwasha. Lugembe akaliwasha yeye aone kama linavuta vizuri, na tangu siku hiyo halijapoa.

"Lugembe Bundala, mwashi," Abbasi alisema. "Jumatatu unapanda lori kwenda Choma kujenga majosho ya ng'ombe. Miaka mitatu."

"Na mimi?" Apolinaria aliuliza. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba.

"Wewe hukusomea majosho, shemeji. Utabaki."

"Na mtoto?"

"Huyo bado hajasoma chochote," Abbasi alisema kwa upole. "Idara haina neno naye."

Getruda alichungulia juu ya ua wa mabua. "We Mzaramo! Umefunga safari yote hiyo kutoka pwani kuja kutenganisha ndoa za watu?"

"Nyamaza, mtani. Nyie Wanyamwezi mngeshikilia mlichosomea, mpaka leo mngekuwa na pembe za ndovu mabegani."

"Na nyie mlisomea nini? Kukaa kivulini mkituuliza mbona tumechelewa!"

Abbasi alicheka mpaka akaegemea tanuri, akaungua mkono. Apolinaria hakucheka. Alimpaka samli, akamfungia mkate wa njiani, kisha akamuuliza Bwana Shauri anaonekana siku gani.

Bwana Shauri, mkuu wa Idara, alionekana Ijumaa. Alikuwa kijana mrefu wa Kiingereza, mwenye Kiswahili kilichonyooka kama kimepigwa pasi. Siku hiyo uwanja ulijaa, kwa sababu Bwana Mkubwa mmoja alikuwa amekuja kutoka Dar es Salaam kutazama mafanikio. Akina mama wa misheni waliambiwa waje kupiga makofi, nao walikuja.

"Shikamoo, bwana," Apolinaria alisema. "Naomba mume wangu abaki walau mpaka nijifungue."

"Mama, kanuni haina macho. Ikianza kuangalia matumbo ya watu, hatutafika."

"Sawa, bwana." Hakuondoka. "Kwa hiyo inamhusu kila mtu?"

"Kila mtu aliyesomeshwa na serikali."

"Na wewe, bwana, ulisomeshwa na nani?"

Bwana Shauri alimtupia jicho Bwana Mkubwa kuhakikisha anasikia. "Na serikali ya kwetu. Niliwashinda wenzangu wote katika mtihani."

"Hongera, bwana. Wa kutawala?"

"Hapana, mama. Wa Kilatini."

Uwanja ukanong'ona kwa heshima. Bwana Mkubwa alitabasamu, na Bwana Shauri, alipoona tabasamu hilo, akasimama wima akatoa kipande kirefu cha Kilatini juu ya vita vya watu waliokufa zamani. Sauti ilipanda, ikashuka, ikapanda tena. Alipotua kuvuta pumzi, akina mama wote wakaitika kwa mazoea ya misa: "Amen." Mzee Kasimiri, aliyesimama nyuma yao, alivua kofia, akapiga ishara ya msalaba.

Abbasi alichovya kalamu. "Bwana, kazi ya Kilatini hapa Tabora iko wapi?"

"Haiko, karani. Ni elimu tu."

"Kanuni ya Kwanza, bwana."



"Mbona iko!" Getruda alipaza sauti. "Pale misheni! Mwalimu Wenceslaus anatafuta msaidizi wa kupiga kengele na kumwitikia padre, mwezi wa tatu huu!"

Watu wote walimgeukia Bwana Mkubwa. Yeye alishasifu kanuni kwa simu ya maandishi mpaka Dar es Salaam, na simu hairudishwi. Alisema kwa sauti kubwa kwamba huu ni mfano bora wa uongozi, akampa Bwana Shauri mkono, akaenda stesheni kungojea treni saa nne nzima kabla ya wakati wake, asije naye akaulizwa alisomea nini.

Jumatatu lori la Choma halikuondoka. Hati ya Lugembe ilihitaji sahihi ya Bwana Shauri, naye alishahamishiwa misheni, na Abbasi alisomea kuandika, hakusomea kutia sahihi za wakubwa. Lugembe akaagizwa asubiri. Kuoka alikatazwa, lakini mwashi ana wajibu wa kulijaribu tanuri alilojenga, na Abbasi alikubali kwamba tanuri halijaribiwi bila mkate. Likajaribiwa kila alfajiri. Mtoto alizaliwa, akaitwa Paskazia, na baba yake alikuwepo.

Huko misheni Mwalimu Wenceslaus alilalamika kidogo kwamba msaidizi wake anakijua Kilatini chote isipokuwa kile kinachotumika. Kengele, hata hivyo, alikuwa anaijulia.

Asubuhi moja msaidizi alitumwa mikate ya misheni. Alikuta Lugembe anachochea moto, Getruda anambembeleza mtoto, na Apolinaria mikono imejaa unga.

"Hamjambo," alisema.

"Hatujambo, bwana. Karibu."

Alisimama akizungusha kofia yake. "Mama, nimezisoma upya kanuni zangu. Mtu akisomea kazi nyingine, anaweza kuhamishiwa huko."

"Ni vizuri, bwana."

"Nimeuliza boma, hawajui. Nimemuuliza padre, amecheka. Wewe ni mtu unayetazama mambo." Akasogea karibu, sauti ikawa ya chini. "Naomba unielekeze, mama. Shule ya kusomea kutawala watu iko wapi?"

Lugembe aliacha kuchochea. 

Apolinaria alijipangusa unga, akafungua mlango wa tanuri, akaanza kuigeuza mikate mmoja mmoja. "Hata hii hatukuisomea, bwana; sogea utazame," alisema.