Kibanda Namba Tatu

Leo nimeumbuka. Kwa saa mbili na dakika kumi nimemkaribisha mzee wa Kiswidi ndani ya kibanda alichokikodi yeye mwenyewe. Nimemwonyesha pa kukaa. Nimemlisha. Nimempa na mawaidha ya namna ya kukodi kibanda. Na yote hayo nimeyafanya mbele ya mama mkwe.

Msicheke kwanza. Ngoja niyapange, maana mnanijua, mimi ni mtu wa mpangilio. (Endeleeni kusoma, mtauona mpangilio wenyewe.)

Mama mkwe amekaa nasi hapa Hagsätra, kwa Waswidi, miezi mitatu. Jumanne anarudi Bujumbura. Akifika tu, wajomba na mashangazi watajaa sebuleni kwake na swali litakuwa moja: huyo mkwe yukoje siku hizi? Swali hilo lina historia. Siku nilipokwenda kujitambulisha kwao, miaka kumi na miwili iliyopita, niliwaongoza wazee wangu na kreti zetu za bia mpaka nyumba ya jirani. Jirani akatupokea vizuri mno. Tukakaa, tukafungua chupa, baba mdogo akasimama na kuanza hotuba ya kuomba binti. Nyumba ile ilikuwa na wavulana watupu! Mama mkwe alikuwa dirishani kwake, ng'ambo ya ua, anatutazama. Tangu siku hiyo ukoo mzima unaniita "yule wa nyumba ya pili".

Safari ya leo niliipanga ili jina hilo life.

Kuna meli nyeupe ya matembezi inayoondoka mjini asubuhi, inazunguka visiwa, kisha inasimama kwa muda wa saa nne kwenye kisiwa kimoja chenye mwenyewe. Ufuko wake una mchanga kweli, na juu ya mchanga vimepangwa vibanda saba vyekundu vyenye pembe nyeupe. Unakikodi pamoja na tiketi ya meli. Sasa mtaniuliza, kibanda cha nini? Mswidi akienda kuogelea anahitaji taulo. Mimi ninayekwenda na mama mkwe nahitaji ukuta. Hawezi kuniona nikiwa na kaptula, nami siwezi kumwona akipandisha kitenge aoshe miguu. Mmoja wetu lazima awe ndani wakati mwingine yuko nje. Hesabu rahisi.

Melini nilimweleza mpango. Alikuwa amekaa na mke wangu Jeanne, mimi nimesimama kando, macho kwenye maji kama inavyopasa.

"Kibanda?" akasema. "Mkwe wangu, nimepanda ndege mbili nije kukaa kibandani?"

"Ni cha heshima, Mama. Nimekiandikisha tangu mwezi wa nne. Namba tatu. Karatasi hii hapa."

Akaitazama karatasi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Na una hakika ni chetu?"

Jeanne akageuka kutazama ndege wa baharini. Binti yetu Divine, mwenye miaka tisa, akacheka. (Hata yeye anaijua hadithi ya bia. Wamemhadithia akiwa bado ananyonya, nina hakika.)

Tulifika. Kutoka gatini njia ya changarawe inapita nyuma ya vibanda, na kwa upande huo, nasisitiza, upande huo tu, ndiko namba zimepakwa rangi ukutani. Nilikuwa naifuata njia hiyo hiyo kama raia mwema. Nimebeba sufuria ya wali, ndoo ya mishikaki, mkeka na mwavuli. Mama nyuma yangu. Hatua ishirini mbele kuna bastu, ile nyumba ya mvuke wanayojichemshia. Mlango ukafunguka. Wakatoka wanaume watatu, wekundu kama nyanya, taulo mabegani.

Mabegani, jamani! Si viunoni!

Nilifanya ambalo mkwe yeyote mwenye malezi angelifanya. Niliufungua mkeka kama pazia, nikageuka, nikasema, "Mama, tupite huku, huku kuna upepo mzuri," nikawaingiza wote mchangani, upande wa mbele wa vibanda. Upande wa mbele hauna namba. Sikuona shida. Nilihesabu. Kimoja, viwili, vitatu kutoka gatini. Mlango haukuwa na kufuli, maana nchi hii watu wanaaminiana. Ndani palikuwa na benchi mbili, meza, ndoano za nguo na kivuli kizuri. Mama akaketi, akavua viatu, akatikisa kichwa kidogo.

"Si pabaya," akasema.

Miaka kumi na miwili nimelisubiri neno hilo!

Tukatundika kitenge mlangoni. Jeanne akapakua chakula. Mimi nikakaa nje kizingitini na sahani yangu, kwa kuwa sili uso kwa uso na mama mkwe. Kwa hiyo mimi ndiye niliyewaona wanakuja. Mzee mrefu mwenye kofia ya majani makavu, na mkewe mwenye kikapu. Walizunguka kibanda mara moja. Mzee akatoa karatasi mfukoni mwa shati, akaisoma, akalitazama paa, akanitazama mimi, akairudisha mfukoni.

Nikajisemea, masikini wastaafu hawa. Wametoka na meli, jua kali, hawana pa kujihifadhi, na aibu inawazuia kuomba.

Kwetu mgeni akisimama mlangoni wakati chakula kimeshapakuliwa, humwulizi ametoka wapi wala anataka nini. Kumwuliza ni kumfukuza. Unamwambia aingie, anakula, yeye mwenyewe atalisema la kwake akishanawa mikono. Nikasimama, nikasogeza kitenge.

"Välkomna!" nikasema kwa Kiswidi changu bora. "Karibuni, karibuni! Msisimame juani!"

"Jaha," akasema mzee, yaani "aa, kumbe".

Akamtazama mkewe. Mkewe akaitazama sufuria. Wakaingia.

Nikawaonyesha benchi la pembeni. (Benchi zuri tulilichukua sisi.) Mama akampa bibi yule sahani ya wali na mishikaki minne. Mzee akachota pilipili yetu kwa kijiko, kijiko kizima, akaila, akawa na rangi ya wale wa bastu, akasema "Tack, tack", asante yao. Nikampa maji. Nikaona pia nimpe elimu.

"Mwakani," nikamwambia polepole ili anielewe, "msije hivi hivi. Vibanda hivi huisha mapema. Lazima mwandikishe mwezi wa nne, kama mimi."

Mzee akavuta pumzi ndani, ile "jo" yao ya kukubali, inayosikika kama mtu ameshtuka.

"Mwezi wa nne," akasema. "Jo. Sisi huandikisha mwezi wa pili."

"Na bado mmekosa?" nikamwuliza kwa huruma.

Hakujibu. Nasema hakujibu! Mkewe akaomba mshikaki mwingine.

Saa ya kwanza ikapita. Wamekula, wamenawa, hawajasema la kwao wala hawaagi. Saa ya pili ikaanza. Bibi akatoa chupa ya kahawa na maandazi ya mdalasini, akatugawia, kisha akatoa na kitambaa anachofuma, akaanza kufuma. Mama akaniita kutoka ndani kwa sauti ya chini.

"Mkwe, hawa wataondoka lini?"

"Sasa hivi, Mama. Ni wageni."

"Mgeni huyu ametundika kofia yake kwenye ndoano."

Nilichungulia. Kweli, kofia iko kwenye ndoano. Damu ikaanza kunichemka kidogo, lakini nikajizuia. Ukarimu una vipimo vyake, na mimi sikutaka Bujumbura waambiwe kwamba nilimfukuza mzee juani.

Ndipo mzee akasimama, akajinyoosha, akasema maji leo yana joto zuri, akafungua mkanda wa suruali.

Nilidhani analegeza tumbo baada ya wali. Hapana. Suruali ilishuka! Mbele ya mama mkwe wangu! Mzee alikuwa na taulo mkononi, akaizungusha kiunoni bila haraka, akaendelea na shughuli zake chini yake, huku anazungumza nasi habari za hali ya hewa. Mama akajifunika uso kwa kitenge chote. Jeanne akafyatua mwavuli humo humo ndani na kuuweka katikati. Divine alikuwa anapiga picha!

Mimi nimewakwepa wanaume watatu wa bastu kwa mkeka, nimewazungusha watu wangu ufuko mzima kuikimbia aibu, halafu aibu nimeikaribisha mwenyewe na kuipa mishikaki?

Sikumgusa. Mimi ni mtu wa taratibu. Nilitembea, sikukimbia, mpaka kwa binti mhudumu wa kisiwa, aliyekuwa gatini na orodha yake. Nikamweleza kwa sauti ya kusikika (nakiri, ilisikika hadi melini) kwamba kuna mtu asiyehusika ndani ya kibanda chetu, amekula, ameshiba, na sasa anavua nguo mbele ya familia. Nikamwambia nataka aondolewe. Nikamwonyesha karatasi yangu, namba tatu, jina langu, kila kitu.

Binti akaja nami. Akaenda kwanza nyuma ya kibanda, upande wa njia ya changarawe. Akarudi. Akaitazama orodha. Akamtazama mzee, ambaye sasa amesimama mlangoni na kaptula yake ya kuogelea. Mzee akatoa ile karatasi kwenye shati lililotundikwa na kumpa.

"Hiki ni namba tano," binti akasema kwa upole ulioniumiza kuliko tusi. "Kuhesabu kunaanzia upande ule mwingine."

Vibanda viko saba. Cha tatu kutoka gatini ni cha tano kutoka ule upande mwingine. Hesabu rahisi.

"Walikuwa wakarimu sana," mzee akamweleza binti, kana kwamba anatoa ushahidi wa kunitetea. "Hatukutaka kuwasumbua. Tunakodi hiki kila mwaka, lakini hatujawahi kula vizuri namna hii."

Nikamwuliza. Lazima ningemwuliza. "Mzee, kwa nini hukusema?"

Akafikiri. Akavuta pumzi yake ile ndani.

"Jo," akasema. "Ulionekana una hakika sana."

Ndugu zangu, hapo ndipo hasira yangu ilipo mpaka sasa. Jirani yangu wa ngazi ya pili aliniandikia barua ya kurasa mbili, akaibandika ukutani kwenye chumba cha kufulia, kwa sababu ya nyuzi nilizoacha ndani ya mashine. Nyuzi! Huyu kibanda chake kimevamiwa na kujazwa harufu ya mishikaki, amepewa benchi baya, amefundishwa kuandikisha, anasema "tack"? Saa mbili na dakika kumi! Angekohoa tu ningeelewa!

Mama akafunua uso.

"Wamesema nini?"

"Wamesifia chakula, Mama," nikasema. (Si uongo. Rudini juu mkasome.)

Sasa, Divine ni mtoto ambaye nikimwuliza kwa Kiswahili kama amekula, ananijibu kwa Kiswidi. Tumemsihi, tumemnunulia vitabu, wapi. Leo alikishusha Kiswahili safi, kila silabi mahali pake.

"Bibi, wamesema kibanda hiki ni chao. Wageni ni sisi. Baba amehesabu vibaya."

Mama mkwe akanitazama usoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimwoe binti yake.

"Mkwe wangu," akasema. "Leo hukubeba bia?"

Jeanne alitoka nje. Alikwenda mpaka ukingoni mwa maji, akatugeuzia mgongo, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Si kwa kilio.

Tulihama. Sufuria, ndoo, mkeka, mwavuli, kitenge, tukipita mbele ya ufuko mzima wa Waswidi, na hakuna hata mmoja aliyetutazama. Wote waligeukia bahari kwa pamoja. Kutotazamwa namna hiyo kunachoma kuliko jua. Kibanda namba tatu, chetu halali, kilikuwa tupu tangu asubuhi, kina bendera ndogo mlangoni, na mezani jagi la maji ya matunda ambayo nyigu walikuwa wameyamaliza. Yule bibi wa Kiswidi alitufuata kutuletea kijiko tulichosahau. Mama akamkumbatia, wakacheka wawili hao bila lugha yoyote kati yao. Mimi sikuogelea.

Kwenye treni ya chini ya ardhi ya kurudi nyumbani nilijaribu kumwelezea habari ya namba kuwa nyuma na mlango kuwa mbele, akanijibu, "Pole kwa uchovu, mkwe."

Tumefika nyumbani. Aliomba simu, akaomba na ile kadi ya kupigia Bujumbura niliyomnunulia kwenye maduka ya Rinkeby, akaingia chumbani na kufunga mlango. Mimi niko hapa sebuleni nawaandikia. Kupitia ukutani nasikia neno "bastu", nasikia "mkeka", kisha vicheko vya watu wengi sana kwa simu moja.

Sasa hivi mlango umefunguka kidogo. Umetoka mkono, uso hapana.

"Mkwe, kadi imekwisha. Nilikuwa ndio nimefika pale anapovua suruali. Unayo nyingine?"

Ninayo. Iko kwenye mfuko wa shati. Mkono bado uko mlangoni, nami sijajibu.