Kituo cha Miwani na Ukuta wa Mama Ernestine

«Historia ya herufi iko ku ukuta yangu. Munataka kuipaka chokaa, kisha mutuvalishe miwani ili tuone historia. Historia gani ingine?»

Hayo, ndugu wananchi, ndiyo maneno aliyoniambia jana Mama Ernestine, mchoraji wa vibao wa hapa Mulongwe, mjini Uvira, ambaye tangu saa mbili asubuhi ameketi mbele yangu juu ya ndoo ya rangi, mgongo wake umeegemea ukuta huo huo anaousema, na ambaye leo, mbele ya umati huu, nitamjibu hoja kwa hoja mpaka asibaki na pa kuegemea. (Makofi kutoka viti vya kamati. Mama Ernestine anamenya ndizi.)

Lakini kwanza itifaki. Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa jimbo. Mheshimiwa shefu wa kartiye, mkuu wa mtaa wetu huu, pamoja na naibu wako, na naibu wa naibu aliyebeba mwavuli. Waheshimiwa wachungaji, mapadri na wanakwaya. Wakuu wa huduma zote za serikali, zile zinazofanya kazi na zile zinazojiandaa kufanya kazi. Ndugu yangu Sebagenzi, uliyeshuka milimani na maziwa yako, yaweke kivulini maana hotuba ni ndefu. Wakulima wa mpunga wa Luberizi. Akina mama wa soko. Na ninyi motari, ambao ninawaomba kwa mara ya tatu mzime pikipiki: itifaki imezingatiwa. Anayezungumza nanyi ni Onesphore, Mratibu Mkuu wa Kamati ya Muda ya Kudumu ya Usanifu wa Michoro, Herufi na Mustakabali, mwenye vyeti vya kuhudhuria semina kumi na saba, na mwenye unyenyekevu ambao umetajwa katika ripoti mbili tofauti.

(«Tunakujua, Papa Onesphore! Ingia mu mambo!» Ni Héritier, motari wa Kalundu, na pikipiki yake bado inanguruma.)

Ninaingia. Tumekutana kwenye uwanja huu kuzindua Kituo cha Uhalisia Pepe cha Kufundishia Historia ya Usanifu wa Michoro, mradi jumuishi, shirikishi, endelevu na wa kidijitali, ambao ndani yake stratejia inakutana na sinerjia, kapasite inajengwa, na kila kilichojengwa kinapata validasyon kabla hakijajengwa. Mtaniuliza: uhalisia pepe ni kitu gani? Ninashukuru kwa kuniuliza. Ni miwani mikubwa inayofunika uso kama kofia ya motari iliyovaliwa kinyume; ukishaivaa unaona mahali ambapo hupo, na huoni mahali ulipo, hali ambayo sisi viongozi tumeizoea kwa miaka mingi hata bila miwani. (Kicheko. Mratibu anadhani ni makofi, anainamisha kichwa.)

Kwa miwani hiyo, mwanafunzi wa Uvira ataingia pangoni na kumkuta mtu wa kale akipuliza rangi juu ya kiganja chake. Atatoka pangoni, atakunja kushoto, na kuingia kwa mchapaji wa Ujerumani wa karne ya kumi na tano, anayepanga herufi za madini ya risasi moja moja hadi vidole vinakuwa vyeusi. Kutoka hapo atavuka barabara, aone mabango ya Paris, yale yenye wanawake wanaorusha miguu, ambayo kwa heshima ya mapadri yatakuwa na ukungu. Na mwisho atafika kwenye somo kubwa la herufi zenye miguu, yaani vistari vidogo kwenye ncha zake, na herufi zisizo na miguu, ambapo, kwa uwezo wa teknolojia yetu, zile zenye miguu zitatembea. Msicheke. Imeandikwa kwenye ripoti.

Na takwimu ninazo. Kati ya watu tisa tuliowahoji, kumi na mmoja waliunga mkono. Uelewa wa herufi katika kartiye hii utapanda kwa asilimia mia moja na kumi na nne, na zile kumi na nne zitakazozidi tutawapa jirani zetu wa Bujumbura kama ishara ya ujirani mwema. Vijana elfu sita watafundishwa katika awamu ya kwanza, na awamu ya pili itawatafuta.

Sitaki mseme tunaongea tu. Mwalimu Noella, wewe unayefundisha kuchora pale shuleni, njoo hapa mbele. Vaa kifaa hiki. (Mratibu anamvalisha mwalimu Noella karto, boksi tupu la biskuti, iliyotobolewa matundu mawili, yenye mpira wa kushikia kisogoni.) Ni kielelezo cha majaribio, lakini kanuni ni ile ile. Sasa geuka pole pole. Simama. Waambie wananchi unaona nini.

(«Mheshimiwa, niko naona ukuta ya Mama Ernestine.»)

Tazama kwa makini, mwalimu.

(«Niko natazama. Niko naona na mama mwenyewe. Anakula ndizi.»)

Mmesikia ubora wa picha! (Kelele. Héritier anasimama juu ya pikipiki: «Minye sina hata karto, na niko naona vilevile!») Héritier, wewe unaona bila usimamizi. Ukiona bila usimamizi, hiyo si elimu, ni kutazama tu.

Na hapo ndipo ninapofika kwenye ukuta. Ukuta huu una mita kumi na nne. Nyumba iliyokuwa nyuma yake ilichukuliwa na mto Mulongwe siku ulipojaa. Ukuta ukabaki, na alama ya matope bado mnaiona pale kwenye kimo cha kifua. Kila kijana aliyejifunza kazi kwa Mama Ernestine, siku anapohitimu, anachora juu yake herufi moja, ya kwanza ya jina lake, kwa mkono wake, bila rula. Kuna herufi mia mbili na zaidi. Kuna zilizonenepa kama zile za magunia ya mchele wa Luberizi, kuna zilizolala kama majina ya mitumbwi, kuna zenye kivuli kama zile za saloni za kunyoa, na pale pembeni kuna alama ya madumu ya Sebagenzi, ambayo mama aliichora ili maziwa yake yasichanganywe na ya watu wengine. Na kuna sheria, ambayo hakuna bunge lililoipitisha: mchoraji hapaki rangi juu ya herufi ya mwenzake mpaka mwenyewe aseme ndiyo.

Sasa ninauliza, hiyo ndiyo historia? Ukuta hauna nywila. Hauna mwongozo wa mtumiaji. Haujazinduliwa hata mara moja. Mtu anayekwenda sokoni anapita, anasoma, anacheka, anaendelea na safari yake, na hakuna daftari alilosaini kuonyesha kwamba ameelimika. Ninasema waziwazi, na wanaonichukia waandike: elimu ambayo mtu anaipata bila kutambulishwa na kamati ni hatari kwa kamati!

(Sauti kutoka nyuma: «Na O yako, Papa?»)

Tuendelee.

(«O! Ile yenye kuanguka! Mustari wa tatu!»)

Vizuri. Sina cha kuficha. Ni kweli kwamba katika ujana wangu, nikiwa na miaka kumi na tisa, nilipita kwa Mama Ernestine kwa muda wa miezi minne, kwa lengo la utafiti, na ni kweli kwamba kuna O pale juu ya alama ya matope, ambayo baadhi ya watu wasio na upeo wanadai imeegemea upande. Haikuegemea. Ina mwendo.

(Mama Ernestine anaongea kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, bila kuinuka: «Weye Onesphore, ile O uliirudilia mara sita. Ukalia. Nikakuambia, acha, mwanangu, ni ya kwako vile iko.» Umati unapiga makofi marefu kuliko yote ya siku hii.)

Ninaomba makofi hayo yahesabiwe kuwa ya mradi.

Ndugu wananchi, ninafikia hitimisho, na katika hitimisho ndipo yalipo mafanikio. Siku ya Alhamisi wafadhili wetu watavuka mpaka pale Kavimvira, watapanda magari, watakuja hapa tulipo, kuona kwa macho yao Kituo ambacho tumewaeleza katika ripoti kumi na moja. Tulikijenga katika ripoti ya kwanza. Katika ya pili tulikipaka rangi. Katika ya tano paa lilivuja, tukaliziba, na tukapongezwa kwa uwazi wetu. Katika ya tisa tulikiongezea ghorofa. Kwa hiyo kazi imekamilika kwa kila kipimo kinachokubalika kimataifa, isipokuwa kwamba kituo chenyewe, kama jengo, kama matofali, hakijawahi kuwepo, na mahali pake pana uwanja huu, viti hivi vya kukodi, na ukuta mmoja.

(Kelele kubwa. Mwakilishi wa mwakilishi anatafuta viatu vyake.)

Tulieni! Suluhisho lipo, na ndiyo maana ndoo zile za chokaa mmeziona. Ukuta upakwe mweupe leo, na kesho uchorwe Kituo: ghorofa mbili, madirisha kumi na mawili, na mlango ulio wazi kidogo ili wageni wahisi kuna watu ndani. Jana niliwaita wachoraji tisa wa mji huu, kutoka Kalundu, Kimanga na Kavimvira. Wote tisa wana herufi zao pale. Kila mmoja aliniambia yeye hana neno, nikaulize kwanza wale wengine. Leo basi ninaagiza kwa mamlaka niliyonayo: Mama Ernestine, inuka kwenye ndoo. Wachoraji, shikeni brashi. Pakeni kila kitu. Isipokuwa ile O. Ile O izungukeni, iwe saa ya mlangoni.

(Mama Ernestine: «Juu ya nini hiyo ibaki?»)

Kwa sababu ni ya kwangu, Mama.

(«Basi na N yangu ibaki!» ni mwalimu Noella, karto bado iko kichwani. «Na H ya minye!» «Na alama ya maziwa!» Watu wanaacha viti, wanakwenda mmoja mmoja kusimama ukutani pamoja na Mama Ernestine, migongo ikigusa herufi. Hata naibu wa naibu anafunga mwavuli na kwenda.)

Ninashukuru kwa kusimama kwenu. Kwa kawaida watu husimama karibu nami zaidi, lakini ninashukuru. Sasa kauli mbiu, kwa pamoja. Nikisema «Miwani», mnajibu «Mustakabali». Miwani! (Mama Ernestine anamenya ndizi nyingine.) Herufi zenye miguu! (Héritier: «Zitembee, zikutafutie kituo!»)

Ninaishukuru kamati kwa kukutana. Ninakushukuru wewe mwenye karto kwa kutuazima karto. Ninaushukuru mto Mulongwe, ambao ulipochukua nyumba uliacha ukuta, maana bila huo leo ningehutubia hewa.

Na ninyi wafadhili mtakaosoma hotuba hii ndani ya ripoti ya kumi na mbili, ninageukia kwenu, kwa kuwa hapa hakuna anayenisikiliza tena: njooni Alhamisi, lakini njooni na miwani yenu. Kituo mtakiona kwa miwani tu, na miwani sisi hatuna. Ivaeni mkiwa mmetazama upande wa ziwa, mseme ni kizuri, mpige picha. Kisha ivueni, mgeuke, mje taratibu mpaka ukutani, mstari wa tatu, juu ya matope. Nitakuwa nimesimama hapo. Nitawaonyesha O.