Nimempiga Baba Mkwe Kabla ya Kutambulishwa

Leo nimejivua nguo ukweni. (Si nguo za mwilini, tulieni. Hizo zingekuwa nafuu.) Naandika haraka haraka, kwa hiyo makosa ya herufi mtanisamehe.

Tumefika Tinde asubuhi kutoka Geita, mimi na mchumba wangu Masanja, fundi umeme, nije kutambulishwa kwao. Tangu juzi nilikuwa na woga. Njiani Masanja akanitia moyo, eti: "Baba si mkali. Ila hapendi mwanamke wa makelele. Yule wa kwanza alicheka tu kwa sauti, ikawa ndiyo basi."

Yule wa kwanza?! Ndiyo kwanza nasikia kuna wa kwanza!

Tukapokewa vizuri. Mama Masanja, mwanamke mpole wa maneno machache, akanikumbatia. Shangazi Kabula akanikagua kuanzia kisigino hadi utosi, kama ng'ombe wa kununuliwa. Baba mwenyewe hakuwepo. "Ameenda mnadani kukununulia beberu," mama akasema. "Mchana atakuwa hapa."

Moyo ukatulia kidogo. Nikapata saa mbili za kuishi.

Kumbe chumvi imeisha jikoni. Nikadakia: "Niende mimi, mama!" Wakakataa, mgeni hatumwi. Nikang'ang'ania. (Kiherehere cha kutaka kuonekana mchapakazi. Kimeniponza.)

Jirani na duka kuna kibanda cha gemu. Sikukiona, nilikisikia. Mlio wa ngumi, halafu lile dude la kutangaza raundi linavyounguruma. Miguu ikasimama yenyewe.

Ngoja niwaeleze. Mama yangu alikuwa anauza chapati mlangoni pa banda la gemu kule machimboni. Wachimbaji wakitoka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, vumbi hadi kwenye kope, walipanga foleni kucheza gemu moja tu, lile la zamani la ngumi. Watu wawili wanaonekana kwa ubavu, wanatazamana, basi. Hakuna kuzunguka, hakuna kichaka cha kujificha. Mbele yako adui, nyuma yako mwisho wa skrini. Mtoto analielewa kwa dakika moja na mtu mzima anazeeka hajalimaliza. Niliwahi kumliza mchimbaji mwenye kifua kama mlango. Nilisubiri arushe teke, nikainama, nikamfagia miguu. Ile raha ya kujua mwenzako anataka kufanya nini kabla hajafanya, sijaipata tena kwenye magemu ya sasa yenye picha nzuri.

Raundi moja tu, nikajiambia. Chumvi haiozi.

Ndani giza, vijana watano kwenye benchi, na mzee mmoja kavaa kofia ya pama, kashika pedi ya kuchezea. "Huyo hajafungwa tangu aingie," wakaniambia. Nikakaa ubavuni kwake. Uso wake sikuuangalia. (Kwenye gemu hili ukigeuza macho umekufa.)

Raundi ya kwanza akanipiga kama ngoma. Vijana wakacheka. Hapo ndipo ulimi wangu wa machimboni ukafunguka. Miaka sita nimeufungia!

"Mzee, mbona unabonyeza kama unakamua ng'ombe?"

Kibanda kikalipuka. Mzee akajibu taratibu: "Cheza, binti."

Raundi ya pili nikamchapa. Ya tatu tukabanana hadi kila mmoja akabakiwa na uhai mwembamba kama uzi. Akajibanza pembeni, ameinama, anajikinga tu.

"Toka huko, mzee! Unaatamia mayai?"

Akainuka kidogo. Nilikuwa nimesharuka. Teke la kichwa. Chali!

Jamani. Nilipanda juu ya benchi. Nilipiga vigelegele. Nilikata mauno, mimi mchumba wa mtu, kanga ikiwa imefungwa kiunoni, nikapaza sauti: "Nani mwingine? Leteni na baba zenu!"

Mwenye kibanda akamgeukia mzee. "Pole, Baba Masanja. Leo umepatikana."

Nikashuka kwenye benchi.

Nikajipa moyo. Usukumani akina Masanja ni wengi kama mawe. Nikauliza: "Masanja yupi?"

"Fundi umeme. Leo analeta mchumba."

Mzee akaweka pedi chini, akanitazama mara moja tu. "Umenishinda kihalali, binti. Ila atakayekuoa, Mungu amtie nguvu." Akatoka.

Nilifika barabarani nikisikia konda anaita, "Isaka, Kagongwa, Kahama!" Nawaambia ukweli, mguu mmoja niliuweka kwenye ngazi ya gari. Simu ikaita. Masanja: "Uko wapi? Baba yuko njiani!"

Nikakimbia kwa njia ya mashambani. Nikawahi kufika. Chumvi sina. "Imeisha dukani," nikasema. (Uongo wangu wa kwanza ukweni. Haukukaa peke yake.) Nikajifunika kanga hadi kwenye nyusi.

Baba akaingia. Nikapiga magoti, macho sakafuni, nikatoa kisauti cha kifaranga: "Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Shangazi Kabula akashtuka. "We binti, sauti imekuwaje? Asubuhi si uliongea vizuri?"

"Mafua, shangazi."

Mama Masanja akainuka akanichemshie mwarobaini. Ndipo baba akaangua kicheko. "Mafua gani! Sasa hivi huyu alikuwa juu ya benchi kwenye gemu, amenipiga teke, Tinde nzima inamsikia!"

Nikaanza kulia palepale, kamasi na kila kitu. Nikaungama yote, hadi ya kukamua ng'ombe. Nilikuwa naiona pete ikirudi dukani.

Lakini Mama Masanja hakuwa ananitazama mimi.

"Baba Masanja," akasema polepole. "Kwenye gemu?"

Baba akafunga mdomo. Alikuwa amechelewa.

"Si ulikuwa mnadani? Kila siku ya mnada huwa unakwenda wapi? Na beberu yuko wapi?"

Mzee akautazama mlango, kana kwamba beberu ataingia kumtetea. Sijawahi kuona mtu mzima akiogopa vile. Akanigeukia mimi nimwokoe!

"Mama, alikuwa anapita tu," nikasema, sauti imerudi yote, mafua yamepona.

"Nje. Wote wawili."

Tukakaa nje, mimi na baba mkwe, kwenye vigoda viwili, tukitazama kuku. Ndani wanajadiliana. Nilitaka ardhi ipasuke. Baba akakohoa.

"Lile teke la mwisho. Uliruka kabla sijainuka, au baada?"

"Kabla, baba."

"Nilijua."

Masanja akatoka, kajikaza asicheke, mashavu yamemvimba. Nikasimama.

"Mama amesema mchumba amepita," akasema. "Baba ndiye bado anajadiliwa."

Naombeni msicheke. Ila nimejifunza: kabla hujamtukana mzee, muulize kwanza kama ana mtoto wa kiume, na anaitwa nani.